Joto la Mgongoni

Nyinyi mnaobaki karakanani, wengi wenu hamjawahi kujenga dohani hata moja, na siwalaumu. Mwanza si Njombe. Ukimwambia mtu wa Mirongo kwamba serikali iliwahi kukulipa kujenga mahali pa kuota moto ndani ya nyumba, atakuuliza kama jua halikutoshi. Lakini ndiyo kazi niliyoanzia, na ndiyo iliyonitoa ujinga. Mambo ya vyeo na semina yamo kwenye faili langu, kama panya wamebakiza. Mimi nitawaeleza habari ya meko mawili niliyoyajenga mahali pamoja, moja baada ya lingine, na kwa nini la kwanza nililibomoa kwa mikono yangu.

Nilishuka melini kutoka Bukoba nikiwa na cheti cha uashi, mwiko mpya na viatu vilivyonibana. Karakana ikanikabidhi kwa Mzee Bwire, Mjita mwembamba aliyevaa kofia ile ile mvua na jua. Huyu ndiye aliyejenga dohani za zile nyumba za mawe kule kilimani, zama za wakoloni. Nilimuuliza kama wazungu wale walikuwa wakisikia baridi kweli hapa Mwanza. Akasema, "Baridi gani? Wale walikuwa hawaoti moto, walikuwa wanaota kwao."

Siku ya kwanza hakunipa hata tofali la kushika. Alinipeleka kwenye nyumba moja ya wageni, akawasha moto kwenye meko ya ukutani, tukakaa.

"Moshi unakwenda wapi?" akaniuliza.

"Juu, Mzee."

"Na joto?"

"Nalo juu."

"Sasa mwenye nyumba anabaki na nini?"

"Majivu," nikasema, na huo ndio wakati pekee nilipomwona akicheka mwaka ule.

Kisha akanifundisha. Meko yasiwe na kina kirefu, moto ukae mbele karibu na watu. Kuta za pembeni zisisimame sambamba, zifunguke kuelekea chumbani, kama mtu anayempokea mgeni kwa mikono miwili, ili joto linalogonga ukuta lirudi kwa watu. Na koo, yaani pale moshi unapoanza kuingia dohani, liwe jembamba, upana wa kiganja tu. "Moshi ni mgeni asiyependa kukaa," alisema. "Mwonyeshe kamlango kadogo, ataondoka mwenyewe. Ukimfungulia geti, ataondoka na kila kitu chako." Mimi niliitikia ndiyo Mzee, ndiyo Mzee, huku nikimsikiliza kwa sikio moja. Sisi Wahaya watu hutusingizia majivuno. Mimi hakuna aliyenisingizia.

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, watu wamehamishwa kutoka kwenye kaya zao zilizotawanyika na kupangwa kwa mistari kando ya barabara. Kijiji ninachokisema kilikuwa mbele ya Kisesa, upande unaoteremkia ziwani. Wanakijiji walikuwa wamejenga zahanati kwa kujitolea, matofali ya kuchoma, bati juu, sakafu ya saruji, na kila mgeni alipelekwa kuiona. Tatizo lilikuwa moja. Akina mama hawakutaka kujifungulia mle.

Aliyetuandikia barua alikuwa muuguzi mkunga wa pale, Mama Agripina, mtu wa kwetu Muleba, mkali kama pilipili na mwenye huruma asiyopenda ionekane. Alieleza kwamba kwenye nyumba zao za nyasi, mama akishajifungua huwekwa kando ya moto yeye na mtoto, usiku na mchana, mpaka apate nguvu. Zahanati ilimpa kitanda cha chuma na sakafu ya saruji, na miezi ya kipupwe upepo wa ziwani uliingia upenuni alfajiri ukatembea chumbani kama mwenye nyumba. Mtu mzima angevaa koti tu. Lakini mtoto njiti, aliyezaliwa kabla ya siku zake, hana mafuta mwilini. "Hali ya hewa unayoiita nzuri wewe," aliandika, "ndiyo inayomuua yeye." Alitaka chumba kimoja chenye moto usiotoa moshi.

Ofisini walicheka sana. Dohani Usukumani! Mzee Bwire hakucheka, ila mguu wake ulikuwa umevimba, hakuweza kusafiri. Nikatumwa peke yangu. Aliniambia neno moja tu nilipokuwa nafunga mfuko wa vifaa: "Kabla hujachanganya udongo, kaa ndani ya chumba chao. Kaa tu, kama wanavyokaa wao."

Sikukaa. Nilikuwa na wiki mbili na mwiko mpya.

Nilijenga meko makubwa, mbuzi angeweza kuingia akageuka. Juu yake nikaweka upinde wa matofali, mzuri, hata leo nikiufikiria najua ulikuwa mzuri. Nilikifanya kina kiwe kirefu ili cheche zisimrukie mtu. Koo la dohani nikaliacha pana, kwa sababu niliogopa moshi. Niliwaza hivi: chumba kikijaa moshi, watanicheka mimi, lakini joto likipungua watalaumu hali ya hewa. Hayo ndiyo mawazo ya fundi mwoga, na mwoga mwenye cheti ni hatari zaidi. Udongo tuliuchukua kwenye kichuguu, maana udongo wa kichuguu hauchoki kwa moto, na hilo tu ndilo nililofanya sawasawa.

Siku ya kufungua walikuja wakubwa wa wilaya. Kuni hakuna kule, miti ilikwisha zamani kwa ajili ya mashamba, kwa hiyo tuliwasha mabua ya pamba. Mabua ya pamba yanawaka kwa kelele na kwa sifa. Wakubwa wakasimama mbele ya moto wamevaa makoti yao, wakanyoosha mikono.

"Joto lipo?" mmoja akauliza.

"Lipo, Ndugu!" nikajibu kabla ya mtu mwingine.

Makofi yakapigwa. Mwenyekiti wa kijiji akasema meko yale ni mfano wa kujitegemea. Mlangoni alikuwa amesimama Bibi Kabula, mkunga wa jadi, ambaye nusu ya watu waliokuwa mle ndani alikuwa amewapokea yeye duniani. Alitazama moto, akatazama watu, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ng'wanawane, mwanangu, huu moto unajiota wenyewe." Watu wakaangua kicheko. Mimi nilicheka kuliko wote.

Siku chache baadaye, nikiwa bado namalizia kupiga lipu dohani kwa nje, aliletwa msichana mmoja anaitwa Ng'washi. Uzazi wa kwanza, mimba ya miezi saba. Alijifungua mtoto wa kiume asubuhi ile ile. Mama Agripina na Bibi Kabula, ambao kwa kawaida hawakupeana hata chumvi, walifanya kazi pamoja bila kuzozana. Walimfunga mtoto kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, wakamfunika khanga, wakamkalisha Ng'washi sakafuni juu ya mkeka mbele ya meko yangu, miguu ameinyoosha. Kitandani alikataa, na ni kweli kitanda kilikuwa mbali na moto.

Mimi ndiye niliyeulisha moto ule. Nilibeba mabua mzigo kwa mzigo. Moto ulivuma, dohani ikaunguruma, moshi hakuna hata kidogo, na Mungu anisamehe, jambo hilo nilikuwa najivunia. Lakini Ng'washi alitetemeka. Nikaongeza mabua. Akazidi kutetemeka. Kadiri moto ulivyokua ndivyo chumba kilivyopoa, na mimi sikuelewa, nikadhani ana homa. Siku ya tatu, kabla jua halijafika utosini, mtoto alikata roho.

Hakuna aliyenigombeza. Mama Agripina alinawa mikono, akakaa kwenye benchi, akatazama ukuta. Ng'washi walimtoa. Ndipo Bibi Kabula akaniita kwa kidole. Akanionyesha mkeka, pale nyuma, mahali ambapo mgongo wa Ng'washi ulikuwepo.

"Weka mkono hapa."

Nikapiga magoti, nikaweka kiganja sakafuni. Upepo ulikuwa unapita juu ya mkono wangu, baridi, bila kukatika, kama maji ya mfereji. Ulitoka chini ya mlango na upenuni, ukafagia sakafu, ukaenda moja kwa moja kwenye mdomo wa meko yangu na kupanda juu kupitia lile koo pana. Moto mkubwa unavuta hewa nyingi. Mimi nilikuwa nikimwagia yule mama baridi mgongoni, mzigo kwa mzigo, siku mbili nzima. Mama akipoa mgongo anapoa wote, na mtoto hana pengine pa kupata joto ila kwake.

Nililia. Nawaandikia wazi ili msije mkadhani wazee wenu walizaliwa wanajua.

Niliporudi Mwanza, Mzee Bwire alikuwa amekaa barazani, mguu juu ya kigoda. Sikumsalimia hata shikamoo. Nilimweleza yote. Aliniuliza swali moja.

"Ulikaa?"

"Sikukaa, Mzee."

Akafungua bandeji, akaifunga upya, polepole. Nikamwambia naacha kazi, narudi Muleba kwenye kahawa ya baba yangu, kahawa haijawahi kumuua mtu.

"Nenda," akasema. "Lakini kabomoe kwanza."

Kubomoa nako kulikuwa na mambo yake. Mwenyekiti alikataa katakata. Meko yalikuwa yameshaandikwa kwenye taarifa ya wilaya kwamba yamekamilika na yanafanya kazi. "Ndugu fundi," aliniambia, "kitu kilichokwisha kupigiwa makofi hakibomolewi." Barua zikaenda, barua zikarudi, zikaniruhusu nifanye ukarabati mdogo. Ukapita mwaka na zaidi, na muda wote huo moto ule haukuwashwa, Mama Agripina alikuwa amejaza mdomo wa meko maboksi matupu. Mwishowe yeye mwenyewe alinitumia ujumbe: Ng'washi ana mimba nyingine, tumbo linamsumbua kama lile la kwanza, uje sasa. Nikaenda na nyundo. Mwenyekiti alipofika, upinde wangu mzuri ulikuwa chini. Nikamwambia ndio ukarabati mdogo huo.

Safari hii nilikaa. Asubuhi tatu, mvua ikinyesha, sakafuni, kwenye mkeka, mpaka matako yakafa ganzi na wagonjwa wakawa wanaulizana yule fundi ana nini. Nilijifunza upepo unaingia wapi na unapita wapi. Kisha nikajenga kama nilivyofundishwa siku ya kwanza. Meko ya kina kifupi, sakafu yake sawa na sakafu ya chumba kwa sababu watu wale hukaa chini, mashavu, yaani kuta za pembeni, yamefunguka, koo la kiganja kimoja. Na nikaongeza kitu ambacho Mzee Bwire alinichorea kwa mkaa barazani kwake. "Moto nao unavuta pumzi," alisema. "Ukiunyima pua yake, utatumia ya kwenu." Kwa hiyo tulitoboa ukuta wa nje chini kabisa, tukalaza mitungi mitatu iliyotobolewa matako, imeunganishwa kwa udongo wa kichuguu, ili hewa ya nje iufikie moto pembeni mwake bila kupita migongoni mwa watu. Mitungi ilitoka kwa Bibi Kabula. Aliitoa akisema yeye anaona nimeanza kupata akili, ila nisiharakishe kufurahi.

Udongo haukuwa umekauka vizuri Ng'washi alipoletwa. Uchungu ulikuwa umeanza na kuacha, kuanza na kuacha, na siku zake zilikuwa bado. Alisimama mlangoni, maji ya mvua yanamchuruzika, akaona mahali pale.

"Hapo siketi," akasema.

Mama Agripina akambembeleza. Ng'washi akanitazama mimi.

"Keti wewe kwanza."

Nikaketi. Niliketi kama wanavyoketi wanawake, miguu nimeinyoosha, mgongo kwa mlango, moto mdogo wa mabua unawaka mbele yangu. Wanawake waliokuwa dirishani wakacheka mpaka wakashikana. Ng'washi hakucheka.

"Miguuni?" akauliza.

"Joto."

"Kifuani?"

"Joto. Zuri."

"Mgongoni?"

Mwenyekiti alikuwa naye dirishani, ananipungia mkono, midomo yake inasema, "Lipo, sema lipo!" Mama Agripina alinikazia macho, maana alijua yule mama hana muda. Na ni kweli upepo ule haukuwepo tena, mkono wangu ulikuwa sakafuni na haukusikia kitu kinachopita. Ningeweza kusema lipo na lisingekuwa uongo mkubwa. Lakini nyuma yangu kulikuwa na chumba kitupu na ukuta wa mbali, na mgongo wangu ulikuwa unalijua hilo.

"Mgongoni bado," nikasema.

Mwenyekiti akashusha mkono.

"Mgongoni ndipo mwanangu alipofia," Ng'washi akasema. "Patengeneze."

Walimpeleka jikoni kwenye mafiga ya Bibi Kabula, akakaa na moshi machoni. Nasi tukaanza. Mwenyekiti, sitamdhulumu sifa yake, alivua koti akabeba matofali kama sisi wengine. Niliwaambia wasilete udongo mbichi, utanyonya joto. Tulipanga matofali makavu, moja juu ya jingine, kiambaza kilichopinda kama mwezi mchanga, urefu wa bega la mtu aliyeketi, kuzunguka nyuma ya mkeka na kutazama moto. Matofali ya safu ya katikati tuliyaweka kwanza kwenye moto wa jikoni mpaka yakashikika kwa shida, ndipo tukayapanga. Alasiri nikakaa tena. Joto lilitoka motoni, likanipita, likagonga kiambaza na kunirudia mabegani.

Ng'washi akauliza maswali yake yote matatu upya, kwa mpangilio ule ule. Nilipojibu la mwisho hakunishukuru. Aliingia, akaegemea, akafumba macho.

Mtoto alizaliwa kesho yake asubuhi, msichana, mdogo, ngumi zake kama kahawa mbivu. Walimfunga kifuani kama yule wa kwanza. Mvua haikukatika siku tatu, na siku zote hizo nilikaa nje chini ya upenu nikivunja mabua vipande vifupi, maana meko yale madogo hayakutaka mizigo, yalitaka kidogo kidogo. Kila alipotoka Mama Agripina nilimtazama usoni, naye kila mara aliniambia, "Vunja mabua." Siku ya nne Bibi Kabula alitoka, akaja kunivuta sikio, mimi mtu mzima.

"Ameitwa Limi," akasema.

Nilijua Kisukuma cha kutosha kuelewa hilo. Limi ni jua.

"Bibi, jua lenyewe hatujaliona tangu Jumatatu."

"Wewe uliyekaa nje hujaliona," akasema, akarudi ndani.

Baada ya hapo nilijenga meko mengi. Nilipelekwa hata nyanda za juu, kwenye shule ambako watoto waliamka na umande kwenye blanketi. Mengine yalikuwa mazuri, mawili yalitoa moshi, nikarudi kuyatengeneza kwa gharama ya aibu yangu. Kila nilipomaliza, niliomba birika liwekwe motoni, nikakaa sakafuni na mgongo kwa mlango mpaka maji yachemke, ndipo nikatia sahihi. Watu wengi walidhani nasali. Nyinyi karakanani mliniita Fundi Mkeka, mkidhani sisikii, na siku ya kuniaga mkanipa blanketi. Nimelipokea. Mkaniuliza kwa nini nilikuwa nafanya vile, nikawajibu ni mazoea ya uzee.

Juzi nilikuwa natoka Magu, nikateremka pale kijijini. Kuna zahanati mpya, ina umeme, na chumba kile cha zamani kinawekwa majembe. Muuguzi wa sasa, binti mdogo mwenye adabu, alinifungulia, "Shikamoo, Mzee, unatafuta nini?" Nikamwambia naomba kukaa kidogo. Kiambaza bado kipo, kilishapigwa udongo zamani, na upande wa ndani kimelainika na kung'aa kwa migongo ya akina mama. Niliegemea pale. Yule binti aliniambia Limi ni mwalimu huko Usagara, na ana watoto. Nikamwambia nimefurahi, na nilifurahi kweli.

Lakini sikukaa pale kwa ajili ya Limi. Yule wa kwanza aliishi siku mbili, na hakuna aliyewahi kumpa jina, kwa hiyo hata nikitaka kumtaja sina pa kuanzia. Ndiyo maana nikimaliza kazi nilikuwa nakaa chini.